SOMO: Pesa ya Msaada na Afya ya Mtoto



Katika mikutano yetu na jamaa za wahamiaji huko Masisi, Kalehe na kandokando ya Goma, swali moja limerudi mara nyingi: "Tulipewa pesa ya msaada, tukanunua chakula. Mbona mtoto bado anapelekwa kwenye kituo cha lishe?" Mara nyingi jibu hutolewa haraka. Mmoja anasema baba alikunywa pesa. Mwingine anasema shirika lilitoa kidogo. Mwingine anasema mama hajui kupika. Majibu ya namna hii huleta ugomvi ndani ya nyumba na kati ya majirani, na mara nyingi hayagusi sababu yenyewe.

Somo letu la leo linataka kuonyesha jambo moja. Pesa inamfikisha mzazi sokoni, lakini kutoka sokoni hadi kwenye mwili wa mtoto mdogo kuna safari nyingine. Katika safari hiyo kuna maji, magonjwa, umri wa mtoto, mapatano ya baba na mama, na haki katika orodha ya msaada. Tukiifahamu safari hiyo, tutaacha kulaumiana bure, na pesa kidogo tunayopata itafanya kazi kubwa zaidi.

1. MSAADA WA PESA NI NINI?

Zamani msaada ulikuwa unga, maharagi, mafuta na blanketi zilizoletwa na malori. Chakula cha namna hiyo bado kipo. Lakini kwa muda wa miaka mingi sasa, mashirika yanayofanya kazi Kongo hutoa pia msaada wa namna zifuatazo:

- Boni: karatasi au kadi yenye thamani, ambayo mtu anaitumia kwa wafanyabiashara waliochaguliwa, mara nyingi siku moja maalum ya soko.
- Pesa mkononi: noti ambazo mtu anahesabiwa mezani.
- Pesa ya simu: pesa inayoingia kwenye namba ya simu ya aliyeandikwa, kama Airtel Money, M-Pesa au Orange Money.

Mara nyingi pesa hutolewa bila sharti: jamaa inajichagulia la kununua. Mara nyingine kuna sharti, kwa mfano mama mjamzito ahudhurie mafundisho au mtoto apelekwe kwenye chanjo.

Kuna wanaosema kwamba mtu maskini akipewa pesa ataipeleka kwenye kanyanga na kasiksi. Watafiti wamelichunguza jambo hili katika inchi nyingi za Afrika, na kwa jumla hawakuona kwamba pesa ya msaada inaongeza ununuzi wa pombe na tumbaku. Walevi wako, na tunawajua. Lakini si haki kuhukumu jamaa zote za kambi kwa sababu ya watu wachache.

2. TUMEJIFUNZA NINI KATIKA INCHI MBALIMBALI?

Tuanzie kwetu. Mwaka 2011 na 2012, shirika la Concern lilisaidia wahamiaji katika kambi moja ya Masisi. Jamaa moja ilipewa boni, nyingine ikapewa pesa, na thamani ilikuwa sawa. Watafiti wakalinganisha. Waliopata pesa walinunua vitu vya namna nyingi zaidi, vya kula na visivyo vya kula, kila mmoja kadiri ya shida yake. Waliopata boni walinunua chumvi nyingi, kwa sababu chumvi haiozi, inawekwa na inaweza kuuzwa tena. Lakini katika kula kwao kwa jumla, makundi hayo mawili hayakutofautiana sana. Na kwa shirika, kutoa pesa kuligharimu kidogo kuliko kutoa boni.

Baadaye, pia katika Kivu ya Kaskazini, jamaa za wahamiaji zilipewa boni za vyombo vya nyumbani katika mpango wa UNICEF: masufuria, blanketi, nguo, majerikani. Watafiti walipofuatilia, waliona kwamba wakubwa walipata nafuu kubwa ya moyo: huzuni na wasiwasi vilipungua. Jambo hilo si dogo kwa mtu aliyekimbia usiku akiwa na mtoto mgongoni. Lakini katika afya ya mwili wa watoto hayakuonekana mabadiliko ya wazi.

Huko Somalia, katika kambi za wahamiaji za Afgooye karibu na Mogadishu, jamaa zilipewa dola 84 kila mwezi kwa muda wa miezi mitano. Matumizi ya nyumbani yaliongezeka, na watoto walianza kula vyakula vya namna nyingi zaidi. Hata hivyo, idadi ya watoto walioingia katika utapiamlo mkali haikupungua.

Katika Niger, jimbo la Maradi, mwaka 2011, kulilinganishwa makundi ya vijiji: mengine yalipata pesa peke yake, mengine chakula maalum cha watoto peke yake, na mengine yalipata vyote viwili. Pale pesa ilipoenda pamoja na chakula maalum cha watoto, utapiamlo ulipungua karibu mara mbili zaidi kuliko pale kulipotolewa kimoja tu.

Na katika Nigeria ya kaskazini, majimbo ya Jigawa na Zamfara, tangu mwaka 2014, mama walipewa pesa kila mwezi tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, pamoja na mafundisho ya kunyonyesha na kulisha. Huko, kudumaa kwa watoto kulipungua.

Tukiweka mifano hii pamoja, tunaona mambo mawili. Kwanza, pesa inasaidia jamaa kula vizuri zaidi na kupumua. Pili, mwili wa mtoto mdogo unabadilika hasa pale pesa inapokuja mapema, inapodumu, na inapotembea pamoja na mafundisho, chakula cha mtoto au huduma ya afya. Pesa inayotolewa mara moja tu, mtoto akiwa tayari amekonda, haiwezi kubeba mzigo wote huo.

3. KWA NINI CHAKULA KINAONGEZEKA NYUMBANI NA MTOTO ANABAKI MGONJWA?

a) Maji machafu na kuhara. Mtoto anayeharisha kila wiki hupoteza kile alichokula. Tumbo lake ni kama kikapu kilichotoboka. Huko Zambia, mpango wa pesa kwa jamaa zenye watoto wadogo ulianza mwaka 2010. Kwa jumla urefu wa watoto haukubadilika, lakini katika nyumba zilizokuwa na maji ya kunywa yaliyolindwa, mabadiliko yalionekana. Pesa ile ile, chakula kile kile; maji ndiyo yaliyotofautisha. Kwa hiyo jerikani yenye kifuniko na kipande cha sabuni ni sehemu ya chakula cha mtoto.

b) Umri. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, ndizo zinazojenga mwili na akili. Mtoto aliyedumaa katika muda huo ni vigumu sana kurudisha urefu wake baadaye. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2017-2018, watoto 42 kwa 100 wa chini ya miaka mitano katika Kongo walikuwa wamedumaa. Wengi wao hawaonekani kuwa wagonjwa. Tunawaona wadogo tu, tunasema "ni ukoo wao". Pesa ikinunua mufuko wa unga na kila mtu akala bugali, mkubwa anashiba, lakini mtoto wa miezi minane hajapata kitu, kwa sababu bugali na sombe peke yake si chakula chake.

c) Muda wa mama. Mama aliyehama analima shamba la watu, anabeba mizigo, anakwenda kutafuta kuni mbali. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba. Hata kama unga wa uji uko nyumbani, hakuna wa kumlisha polepole mara tatu kwa siku. Pesa inaweza kununua siku chache za kupumzika kwa mama, ikiwa tunaiona kazi hiyo kuwa na thamani.

d) Madeni. Jamaa nyingi zinapokea pesa zikiwa na deni dukani, deni kwa muganga, na deni la kodi ya nyumba. Siku ya kulipwa wadai wanangoja njiani. Tumekutana na mama mmoja huko Minova ambaye pesa yake yote iliishia kwa wadai kabla ya jioni. Hakuipoteza. Alilipa chakula ambacho watoto wake walikuwa wamekwisha kula mwezi uliopita.

e) Bei. Siku jamaa mia tano zinapopata pesa katika soko moja dogo, wauzaji wanaongeza bei ya maharagi na mafuta. Barabara ikifungwa na vita, bei inapanda mara mbili. Pesa haijapungua kwa hesabu, lakini imepungua kwa chakula.

4. NANI ANASHIKA PESA, NA AMANI YA NYUMBANI

Huko Afrika Kusini, serikali ilipoongeza pesa ya wazee katika miaka ya 1990, watafiti waliangalia watoto waliokuwa wakiishi na babu na nyanya zao. Nyanya alipokuwa ndiye anayepokea, wajukuu wa kike walionekana kuongezeka uzito na urefu. Babu alipokuwa ndiye anayepokea, mabadiliko hayo hayakuonekana.

Katika Niger, wakati wa njaa ya mwaka 2010, jamaa zingine zililipwa mkononi na zingine kwa simu. Waliopokea walikuwa mama. Katika nyumba zilizolipwa kwa simu, watoto walikula karibu theluthi moja ya mlo zaidi kila siku. Sababu ni kwamba mama hawakupoteza siku nzima katika mstari wa malipo, na pia walipata neno zaidi katika kuamua matumizi ya nyumbani.

Je, maana yake ni kumnyima baba neno? Hapana. Katika sehemu zetu, baba aliyepoteza shamba, ngombe na kazi yake anaona haya. Shirika likiandika jina la mke bila kumweleza chochote, anaweza kuhisi kwamba ameondolewa katika nyumba yake mwenyewe. Hapo ndipo fimbo inapoingia. Lakini pia si haki baba kuchukua simu ya mke na kuondoka nayo. Ngumi ikipigwa kwa sababu ya msaada, mtoto ndiye anayelala na njaa, kwa maana mama aliyepigwa hapiki wala hanyonyeshi kwa utulivu.

Tunashauri jambo rahisi: kikao cha nyumbani, kabla ya siku ya malipo. Baba na mama wakae chini, hata kwa nusu saa, na waandike au wahesabu kwa vijiwe. Tuchukue mfano tu wa jamaa ya watu saba yenye mtoto wa miezi kumi, iliyopokea dola 100:

- Chakula cha jamaa yote: dola 45.
- Fungu la mtoto mdogo: dola 15 (unga wa masoso, mafuta, karanga, sambaza, mayai).
- Madeni: dola 15, kwa mapatano na mdai kwamba mengine yatangoja.
- Maji na usafi: dola 10 (jerikani, sabuni, makala ya kuchemsha maji).
- Akiba ya ugonjwa: dola 10.
- Likelemba au kuanza biashara ndogo: dola 5.

Hii si sheria. Kila nyumba inajua shida zake. Lakini angalieni fungu la pili. Fungu la mtoto lisipotengwa kwa jina lake, linamezwa na chungu kikubwa. Likitajwa mbele ya baba, linakuwa agano la wote wawili, na mama hataitwa mwizi anapowekea mtoto yai.

5. AMANI KAMBINI NA KIJIJINI

Viongozi, sehemu hii inawahusu ninyi hasa.

Mwezi wa 2 mwaka 2025, maelfu ya wahamiaji waliokuwa katika kambi za kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, walilazimika kuondoka. Wengine walirudi vijijini na kukuta nyumba zimebomoka. Wengine waliingia kwa ndugu na marafiki. Tangu hapo imekuwa vigumu zaidi kujua nani ni mhamiaji na nani ni mwenyeji, kwa sababu wanakula chungu kimoja. Shirika likimsaidia mgeni tu, huku mtoto wa mwenyeji akiwa amekonda vilevile, mbegu ya chuki imepandwa. Jamaa inayopokea wageni imetoa msaada kabla ya shirika lolote kufika. Sema jambo hilo wazi mbele ya mashirika, na omba kwamba watoto wapimwe mikono wote, wageni na wenyeji, bila kuuliza kabila wala walikotoka.

Mambo ya kushika:

- Orodha isomwe hadharani. Sababu za kuchagua zielezwe kabla ya majina kuandikwa. Anayelalamika asikilizwe bila kutukanwa.
- Msaada haulipiwi. Haulipiwi kwa pesa, haulipiwi kwa kazi, haulipiwi kwa mwili. Kiongozi, mjumbe au mfanyakazi wa shirika anayeomba "asante" ili aweke jina la mtu, au anayemtaka binti kwa sababu ya jetoni, anafanya kosa kubwa. Linapaswa kuripotiwa kwenye kamati ya malalamiko au namba ya simu iliyotolewa na shirika.
- Kugawana kwa hiari ni desturi yetu nzuri. Kukatwa kwa nguvu si kugawana. Kiongozi anapoamuru kila jamaa itoe sehemu ya pesa "kwa ajili ya wasioandikwa", mara nyingi hakuna anayejua sehemu hiyo imefika wapi.
- Ongeeni na wauzaji mapema. Juma moja kabla ya malipo, waite wenye maduka, waambieni idadi ya jamaa, ili walete bidhaa za kutosha. Mama watano au sita wakinunua mufuko pamoja, bei inakuwa nafuu.
- Pesa ya simu ichungwe. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma, mabenki ya mji yalifungwa na noti zikawa adimu, watu wakategemea simu. Ulizeni makato kabla ya kutoa pesa. Namba ya siri ni ya mwenye simu peke yake; mtu asimpe wakala, wala mjumbe, wala kijana anayesema "nikusaidie".

6. CHAKULA CHA MTOTO MDOGO

Pesa ikifika, mambo haya ndiyo yanayoigeuza kuwa afya:

- Tangu kuzaliwa hadi miezi sita: maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Fungu la mtoto kwa wakati huo ni chakula cha mama anayenyonyesha.
- Tangu miezi sita: kunyonya kunaendelea hadi miaka miwili na zaidi, na uji unaongezwa. Uji uwe mzito, usitiririke kwenye kijiko kama maji. Ongeza kijiko cha mafuta ya mawese, karanga zilizosagwa, au sambaza kavu zilizotwangwa.
- Miezi 6 hadi 8: mara mbili au tatu kwa siku. Miezi 9 hadi 23: mara tatu au ine, na kitu kidogo katikati, kama ndizi au avoka.
- Mtoto awe na sahani yake. Akila pamoja na wakubwa zake katika sahani moja, wenye mikono mikubwa ndio wanaoshiba.
- Lengalenga, sombe, maharagi na mayai havishindwi na vyakula vya dukani vyenye picha nzuri.

7. DALILI ZA HATARI: HAPA PESA HAITOSHI

Kuna wakati chakula cha nyumbani hakiwezi tena kumrudisha mtoto. Mzazi asingoje siku ya malipo.

- Mkanda wa kupima mkono, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kijani, sentimeta 12.5 na zaidi: endelea vizuri. Manjano, kati ya 11.5 na 12.5: hatari inakaribia, mpeleke kwa mjumbe wa afya. Nyekundu, chini ya 11.5: mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.
- Bwaki. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, uhesabu hadi tatu. Shimo likibaki miguu yote miwili, mtoto yuko katika hatari kubwa, hata kama anaonekana mnene. Si uchawi, wala si kosa la mama kuvunja mwiko. Ni ugonjwa, na unatibiwa.
- Kuhara. Mpe maji ya chumvi na sukari: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote bila kilima. Kama kuna paketi ya kituo cha afya, tumia hiyo kwanza, na omba dawa ya zinki. Akiwa na macho yaliyozama, analala bila kuamka vizuri, hanyonyi, au anatapika kila kitu, kimbia kituoni.

Plumpy'Nut anayopewa mtoto katika kituo cha lishe (UNTA) ni dawa yake. Haiuzwi sokoni, na haigawiwi ndugu zake. Tunajua ni vigumu kumlisha mmoja huku wengine wanaangalia. Kwa sababu hiyo fungu la chakula cha jamaa yote katika pesa ya msaada ni muhimu: wengine wakiwa na chakula, dawa ya mdogo haitanyanganywa. Hapo ndipo pesa na matibabu vinaposhikana mikono, kama tulivyoona huko Maradi.

8. MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

Kiongozi wa kikundi asome swali moja kwa moja, awape mama na vijana nafasi ya kusema kabla ya wazee.

1. Katika kambi au kijiji chetu, pesa ya mwisho ilienda wapi hasa? Tuseme ukweli bila kutaja majina.
2. Ni nani nyumbani anayeamua kununua nini? Je, mtoto wa chini ya miaka miwili ana fungu lake?
3. Maji tunayokunywa yanatoka wapi? Tunaweza kufanya nini sisi wenyewe juma hili kabla ya shirika kuja?
4. Wenyeji wanaotupokea wamefaidika nini? Watoto wao wamepimwa mikono?
5. Mtu akiombwa kitu ili jina lake liandikwe, anaweza kusema wapi bila hofu?

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Pesa ya msaada inasaidia, lakini inahitaji kusindikizwa na maji safi, mafundisho na kituo cha afya.
- Siku 1,000 za kwanza hazirudi. Tenga fungu la mtoto kwa jina lake.
- Baba na mama wapatane kabla ya siku ya malipo.
- Orodha ya haki ni kazi ya amani sawa na mapatano ya kuweka silaha chini.
- Mkono mwekundu au miguu iliyovimba haingojei pesa.

Ndugu viongozi, mkipeleka ombi kwa mashirika, msiombe tu "muongeze pesa". Ombeni pia kwamba malipo yaanze kwa mama wenye mimba na wenye watoto wachanga, yadumu miezi kadhaa, na yaende pamoja na upimaji wa watoto na chemchemi iliyolindwa. Ombi la namna hiyo, lililotiwa saini na wageni na wenyeji pamoja, ni vigumu kulikataa. Na hata likichelewa kujibiwa, kikao kilicholiandika kitakuwa kimewakutanisha watu ambao jana hawakusalimiana kisimani.

Wazazi, juma hili fanyeni jambo moja: mpelekeni kila mtoto wa chini ya miaka mitano apimwe mkono, kisha mwite na mtoto wa jirani.

Amani iwe nanyi na nyumba zenu.